Kibao cha Hamsini Kilipokuja Kunywa Chai

Usiku wa jana niliota kibao cha barabarani kinabisha hodi nyumbani kwetu.

Nilifungua mlango. Kilikuwa kile kibao cha hamsini kinachosimama karibu na shule ya msingi: duara jeupe, ukingo mwekundu, namba nyeusi katikati, na mguu mmoja wa chuma. Chini ya mguu lilikuwa limeng'ang'ania donge la zege lenye udongo mwekundu, kama mtu aliyetoka shamba na hajanawa.

"Hodi," kikasema, ingawa nilikuwa nimeshafungua.

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Hiyo ni ya leo," kikasema. "Ya jana iko wapi?"

Nina shahada ya jiografia, lakini jiografia haifundishi kuzungumza na vibao. Nikakikaribisha ndani. Kikaingia kwa kurukaruka, du, du, du, hadi sebuleni, kikaegemea kabati la vyombo kwa sababu hakikuwa na namna ya kukaa. Asubuhi za Makambako ni baridi, nami sikutaka mgeni atetemeke, kwa hiyo nikakimiminia chai ya tangawizi katika kikombe cha bluu cha mama, kile cha bati kilichobanduka rangi ukingoni, ambacho sisi wengine haturuhusiwi hata kukisogeza. Ndotoni mimi ni mkarimu sana kwa mali ya watu.

"Jana umenipita," kikasema, "kwa themanini."

"Si mimi, mzee. Mimi ni mwalimu wa udereva tu. Aliyekuwa anaendesha ni mwanafunzi wangu."

"Kiti cha kushoto alikaa nani?"

"Mimi."

"Ulikuwa unafanya nini hapo?"

Nilifikiri kidogo, maana nilitaka kusema kweli. "Nilikuwa nasema 'vizuri sana'."

Kibao kikanywa chai. Sijui kiliinywea wapi.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo si la ndoto. Tangu nimalize chuo nasubiri kazi ya ualimu, na wakati nasubiri, Baba Mdogo Festo amenipeleka kozi ya wakufunzi na kunipa kiti cha kushoto katika chuo chake cha udereva kiitwacho Taratibu. Mwanafunzi wangu wa sasa ni Mwalimu Eusebia Kiswaga. Alinifundisha darasa la tatu. Amestaafu, amenunua kigari cheupe, na anataka leseni. Ndani ya gari mwalimu ni mimi, lakini hilo tunalijua mimi na karatasi zangu tu. Mara ya kwanza nilipojaribu kumwambia, "Mwalimu, punguza mwendo," alinigeukia akasema, "Gaudensi, kaa vizuri." Nikakaa vizuri. Nimekaa vizuri hadi leo.

Tena si woga mtupu. Mkuu wa shule ya sekondari naye alipita mikononi mwake, na Mwalimu ameniahidi kwenda kuniombea nafasi ya kujitolea, nifundishe jiografia, nisimame mbele ya ubao na chaki yangu. Hakuna kitu ninachokitaka kuliko hicho. Kwa hiyo anapopita shuleni kwa themanini mimi hutazama dirishani na kusifu mandhari.

Turudi ndotoni.

"Sheria ni fupi," kibao kikasema. "Mtu akiwa bado anajifunza, mwendo uliozidi ni wa mwalimu wake. Nimekuletea."

Kikatoa mfuko wa salfeti, sikuona kilikuwa kimeuweka wapi. Ndani yake kulikuwa kunavuma kama mzinga wa nyuki.

"Thelathini," kikasema. "Themanini toa hamsini. Hesabu ya darasa la tatu."

"Asante, mzee. Tuziweke stoo kwanza."

"Haziwekeki stoo."

Kikafungua mfuko. Zikapanda miguuni mwangu moja moja, kwa adabu, kama watu wanaoingia msikitini.

Sasa ninakwenda. Sikimbii. Nimesimama wima, mikono mfukoni, na ninakwenda. Ninapita jikoni. Mama anageuka na mwiko mkononi, anauliza, "Gaudensi, umeamkaje?" Nafungua mdomo nimjibu "salama", na neno linatoka nikiwa nimeshafika sokoni. Muuza nyanya analipokea.

"Salama nawe," anasema, "ila mimi sijakuuliza kitu."

Nataka kumwomba radhi, lakini yule anayeombwa radhi sasa ni mbuzi.

Ninapita ukumbi wa mahafali. Ni mahafali yangu. Wanataja jina langu, na kabla hawajafika kwenye jina la ukoo nimeshavuka jukwaa na kutokea mlango wa nyuma. Shahada inakabidhiwa kwa mtu aliyenifuata, fundi cherehani aliyekuja kuchukua joho alilotuazima. Anashukuru sana. Anasema jiografia ndiyo aliyokuwa akiitaka siku zote.

Kibao kinaruka pembeni yangu bila hata kuhema. Nakiuliza kinawezaje kwenda themanini na chenyewe ni hamsini.

"Mimi siendi," kinasema. "Nimesimama. Ni wewe unayenipita kila mara."

Sikuelewa, lakini nikatingisha kichwa kama nilivyokuwa nikifanya chuoni.

Tukafika barabara ya shule. Ilikuwa imejaa kitu ambacho mwanzoni nilidhani ni mahindi yaliyoanikwa. Zilikuwa marahaba. Zimetawanyika kwenye lami hadi mtaroni, nyingine mpya, nyingine zimeshakanyagwa na matairi na kubaki bapa. Pembeni wamesimama wazee, kila mmoja ameshika yake mkononi, kama mtu aliyebeba sahani ya chakula na haoni mgeni.

"Kijana," ananiita mzee mmoja mwenye koti la sufu. "Ulinirushia shikamoo dirishani. Nikaipokea. Nikakohoa, nikajibu, kuinua macho, hupo. Sasa hii niipeleke wapi?"

"Nipe, mzee," nasema, lakini nasema hivyo kwa mzee mwingine kabisa, mbele huko, naye ananiangalia kwa mashaka.

Bibi mmoja anazifagia kwa ufagio wa chelewa, anazikusanya fungu fungu. "Hizi zote za wenye magari," anajisemea. "Wanasalimia kama wanatupa maganda."

"Unajua kwa nini nilipewa namba hii?" kibao kinaniuliza.

Hili nililijua. Nilifurahi. "Ni kwa sababu ya umbali wa kusimama, mzee. Mwendo ukiongezeka, msuguano kati ya tairi na lami…"

"Hapana. Kwa hamsini mtu akikuamkia unaweza kumwitikia mkiwa bado mnaonana. Kwa themanini hamwonani tena."

"Hilo halimo kwenye kitabu."

"Kitabu kiliandikwa na watu waliokuwa na haraka."

Mara nimekaa. Nimo ndani ya gari la Taratibu, kiti cha kushoto, ila kiti chenyewe ni dawati la darasa la tatu, na magoti yangu yanagusa kidevu. Kulia kwangu Mwalimu Eusebia anaendesha. Mahali pa gia ameshika kipande cha chaki. Mshale wa mwendo uko kwenye themanini na umetulia pale kama umepanga chumba.

Chini, karibu na mguu wangu, kuna mtu anakohoa.

"Samahani," anasema. "Wewe ndiye Gaudensi?"

Ni breki ya mwalimu, ile ya ziada iliyowekwa upande wangu. Bado imevikwa nailoni ya dukani.

"Ndiye mimi."

"Mimi siku zote naona soli tu. Kumbe una uso." Ikanitazama. "Uso mzuri, wa huruma. Sasa mbona hujawahi kunikanyaga?"

"Ni heshima. Siwezi kumkanyagia breki Mwalimu."

"Na mimi nimewekwa hapa niwe nini? Pambo?"

"Usiseme hivyo."

"Mwenzangu wa upande wa pili anakanyagwa. Kwa nadra, lakini anakanyagwa. Jioni tukipumzika ana la kusimulia. Mimi nawasimulia nini? Soksi zako?"

Sikupata nafasi ya kuzitetea soksi. Mbele ya shule sheria inataka pawe na kivuko cha pundamilia, naye alikuwapo. Amelala amejinyoosha kutoka ukingo hadi ukingo wa barabara, kichwa upande wa duka, mkia upande wa shule, na watoto wa shule wanavuka juu ya ubavu wake.

"Polepole," anawaambia. "Nina mgongo."

Watoto wanageuza shingo. Wanaliona gari. Wanaona aliye ndani yake.

Najisemea: wanamjua, watakimbia. Mwalimu naye alisema hivyohivyo siku moja, kwamba watoto wa shule ile wanamjua. Ni kweli, wanamjua. Wanasimama palepale, katikati ya barabara, juu ya pundamilia. Wanaweka mabegi chini. Wanajipanga mstari, visigino pamoja, mikono imenyooka mapajani, na wanaanza kwa sauti moja, kwa kuvuta, kama tulivyofundishwa:

"Shi… ka… moo…"

Hakuna anayekimbia. Mtu hakimbii akiwa anamwamkia mwalimu wake. Alitufundisha mwenyewe.

Mwanzoni naona fahari, maana wamenyooka vizuri mno. Kisha napiga hesabu.

"Mwalimu," nasema.

"Nini, Gaudensi?"

"Samahani, Mwalimu, naomba, kama hutajali, na kama nitakuwa nimekosea basi unisamehe, nilikuwa napenda kupendekeza kwamba…"

"Nyoosha mkono kwanza."

Nanyoosha mkono.

"Subiri. Kibao cha L kimetangulia." Anainua macho darini. "Sema, L."

"Naomba kwenda chooni," kinasema kibao cha L, kile cha wanaojifunza, kutoka juu ya paa.

"Utakwenda kengele ikilia."

"Mwa…" wanasema watoto.

Nashusha mkono na kukanyaga. Nakanyaga kwa mguu wote, kwa shahada yote. Breki inazama kama mkate kwenye chai. Gari halipungui hata kidogo. Breki inanitazama kwa huruma.

"Hapa ni ndotoni," inasema. "Ukinikanyaga hapa haisaidii kitu. Nikanyage kule."

"Kule wapi?"

"Kule. Asubuhi."

Kibao cha hamsini kipo dirishani kwangu, kikombe cha mama bado mkononi, ingawa hakina mkono. "Ahidi," kinasema.

"Niahidi nini?"

"Mawili. Umwambie kabla hajawasha gari. Na mkipita kwangu unisalimie, usubiri niitikie."

"Mbele ya watu?"

"Kwani unadhani mimi nasimama wapi? Sebuleni?"

Pale kilipo kibao ni kijiwe cha bodaboda. Nikawawaza bodaboda. Nikamwaza mkuu wa shule ya sekondari, na chaki, na ramani ya dunia ambayo nimeshaamua nitaitundika upande gani wa ubao.

"…li…" wanasema watoto.

"Naahidi," nikasema.

Niliamka nimebana mguu wa kushoto kwenye ubao wa kitanda, msuli umekaza, nikipiga kelele ambayo siwezi kuiandika.

Jikoni mama alikuwa anafungua na kufunga kabati.

"Kikombe changu kiko wapi?"

"Kipi, mama?"

"Nina vingapi? Cha bluu."

"Labda kimeazimwa."

"Na nani?"

"Na mzee mmoja."

"Mzee gani, Gaudensi?"

Nikachukua koti langu nikatoka. Kukimbia swali la mama ni jambo ninaloliweza bila mafunzo.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mtihani wa Mwalimu Eusebia kwa trafiki, saa nne. Alifika Taratibu amevaa kitenge kipya, kilemba kimekaa kama taji. Baba Mdogo Festo alikuwa ameliosha gari mpaka magurudumu. Mtaa mzima ulijua, kwa sababu yeye ndiye aliyeutangazia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Panda twende. Kuku wameshachinjwa, na walimu wastaafu wenzangu wanaanza kufika saa nane. Sitaki kuwaweka."

Akachomeka ufunguo. Nikauwekea mkono juu. Nilishangaa kuona ni mkono wangu.

"Mwalimu, leo hatuendi kwenye mtihani."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

Lilikuwa swali la haki. "Mwalimu wako," nikasema, na neno likanikaa kama shati la kuazima.

Baba Mdogo akaacha kufuta kioo. "Gaudensi, umeamka salama?"

"Unaendesha vizuri, Mwalimu," nikasema. "Gia unazijua, kona unazijua. Ila pale shuleni unapita kwa themanini."

"Shule ile nimefundisha maisha yangu yote. Watoto wale wananijua."

"Ndiyo hilo, Mwalimu. Wakikuona katikati ya barabara hawatakimbia. Watasimama wakuamkie."

Alitazama mbele, kwenye geti, na nilijua anawaona jinsi walivyojipanga, maana ndiye aliyewapanga.

"Na muda wote huu ulikuwa kimya kwa nini?"

"Nilikuwa nakuogopa."

"Sasa huniogopi?"

"Nakuogopa sana. Tazama nilivyokaa vizuri."

Alinitazama. Hilo halikumlainisha. "Lile neno nililotaka kumwambia mkuu wa shule," akasema taratibu, "nimelirudisha mfukoni. Siwezi kumwombea mtu anayeniumbua siku ya kuku wangu. Wageni nitawaambia wanakula nini?"

"Kuku, Mwalimu."

Nilijuta palepale. Baba Mdogo akacheka kwa pua, kisha akakumbuka biashara ni yake. "Jioni tutaongea," akaniambia, na katika ukoo wetu hakuna maneno mabaya kuliko hayo.

Basi. Ramani ya dunia nikaiondoa ukutani, kichwani mwangu, nikaikunja.

"Sasa tunakaa hapa tu?" Mwalimu akauliza.

"Hapana. Tunakwenda kujifunza."

Akawasha gari kwa hasira. Tulipoiacha sheli ya mafuta na barabara ya shule ikafunguka, mshale ukaanza kupanda: hamsini na tano, sitini, sitini na tano.

"Mwalimu, punguza."

Sitini na nane.

Nikakanyaga. Chini ya kiatu nailoni ikalia kwara, na gari likainamisha pua kama mtu anayekubali jambo.

"Umenikanyagia breki?" Hakuamini.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mimi?"

"Ndiyo, Mwalimu. Samahani."

Mshale ukateremka, na kwa mguu wa Mwalimu mwenyewe ukabaki arobaini.

Mbele kibao cha hamsini kilikuwa kimesimama mahali pake. Kijiweni bodaboda walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao wakila mihogo. Nikashusha kioo. Nilitamani kishindwe kushuka, lakini Baba Mdogo alikuwa amekipaka hadi mafuta.

"Shikamoo," nikakiambia kibao, kwa sauti, kwa sababu nusu sauti ingekuwa udanganyifu.

"Oya, msomi!" mmoja akapiga kelele. "Unaamkia bati?"

"Muulize na hali ya watoto!"

"Jamani, ndiyo shahada hiyo!"

Walicheka mpaka muhogo ukamtoka mmoja puani. Mimi nilisubiri. Niliahidi kusubiri, nikasubiri, uso umenichoma hadi masikioni, gari likienda arobaini, kibao kikisogea, kikifika usawa wa dirisha langu. Kibao hakikusema kitu. Ni kibao.

Ndipo kutoka kiti cha kulia, bila kugeuza shingo, kwa ile sauti ya darasa la tatu iliyokuwa inanyamazisha mistari yote ya gwaride, nikasikia:

"Marahaba."

Bodaboda wakanyamaza. Wawili kati yao nao walipita mikononi mwake.

Mwalimu akawasha taa ya kushoto, akatazama kioo cha pembeni, akaegesha vizuri kuliko nilivyowahi kumfundisha. Alikuwa anaangalia majani chini ya mguu wa kile kibao.

"Gaudensi. Kile si kikombe cha mama yako?"

Kilikuwa cha bluu, cha bati, kimebanduka rangi ukingoni.

"Ndicho."

"Kimefikaje pale?"

Nikafungua mkanda.

"Nenda kakichukue," akasema. Bado alikuwa amenikasirikia. "Nakusubiri."

Nikashuka, nikapita mbele ya bodaboda, nikainama. Ndani ya kikombe kulikuwa na masalia ya tangawizi, bado yamelowa.